Washauri wa kozi pale Sinza: foleni ndefu, ushauri wa maana

Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), na kichwani ana neno moja tu: petroli. Nikampeleka kwa washauri wa vyuo Sinza, ghorofa ya pili juu ya duka la dawa. Tuliahidiwa saa nne, tukaitwa saa sita kasoro. Hilo walirekebishe.

Ila yule dada mshauri anaijua kazi yake. Alitandika mezani mitaala miwili, uhandisi mitambo na uhandisi wa petroli, akapigia mstari kwa kalamu nyekundu masomo yanayofanana: hesabu, thamodainamiki (elimu ya joto na nishati), mwendo wa vimiminika. "Zote miaka minne, mdogo wangu. Mitambo itakuingiza kiwandani, kwenye mabomba ya gesi, hata reli. Petroli inazama ndani zaidi, lakini milango yake michache. Ubobezi unaweza kuufuata kwenye shahada ya uzamili."

Kisha akamuuliza anapenda kushika nini. Dogo akafikiri weee, akasema pampu ya maji ya nyumbani, kaifungua mara tatu. Chaguo la kwanza kaandika mitambo, petroli la pili.

Elfu ishirini yangu haikupotea. Mwenye mtoto wa PCM aende, awahi asubuhi.