Biblia ya mafunzo niliyonunua Malindi: ramani safi sana, lakini ule ukurasa wa ushahidi hapana

Nimekaa na hii Biblia miezi minne sasa kwa hivyo naongea kitu nimekitumia, sio cha kuangalia tu kwa dirisha la duka. Niliinunua shilingi 3,400 hapa Malindi mjini, ni ile ya Kiswahili ya mafunzo, maandiko juu maelezo chini, kila kitabu na utangulizi wake na ramani huko nyuma. Sitaji mchapishaji wala duka manake sina nia ya kumharibia mtu biashara, nataka tu anayefikiria kununua ajue anapeleka nini nyumbani, na hasa kama anafundisha watoto kanisani kama mimi.

Mazuri kwanza. Ramani ni za rangi na zimechorwa vizuri kweli, safari za Paulo unazifuata bandari kwa bandari, sisi watu wa pwani tunaelewa ukisoma ati upepo ulikuwa wa mbisho wakakaa kisiwani miezi mitatu, hapa pia majahazi yalikuwa yakingoja kusi na kaskazi. Maandishi yanasomeka hata usiku stima ikipotea ukitumia tochi ya simu. Lugha ni ya tafsiri ya Union ya 1952, ile tumelelewa nayo. Marejeo ya pembeni ni mengi na sijapata hata moja limekosewa, na nimeyafuata mengi.

Ubaya wa kwanza ni gundi. Wiki ya sita tu kurasa za Mwanzo zikaanza kuachia, najua unyevu wa huku ni mkali lakini kitabu kinauzwa pwani si kifungwe kwa kujua ni cha pwani? Nikarudi dukani nikaambiwa kitu kikishauzwa hakirudi. Nimepeleka kwa fundi viatu akaipiga uzi wa nailoni kwa shilingi 150, sasa imeshika kuliko ilivyotoka dukani.

Hiyo ya gundi ningenyamaza. Kilichonifanya niandike ni ukurasa mmoja ulio kabla ya Mwanzo, unauliza kama Biblia inahitaji ushahidi wa nje ndo iaminike. Jibu lao ni kwamba hapana, Biblia ni Neno la Mungu kwa sababu yenyewe inasema hivyo, na anayetafuta ushahidi nje yake imani yake ni haba. Wamemaliza hapo. Nimeusoma huo ukurasa mara nyingi, na kila nikiusoma naumia, manake mimi ni muumini, naipenda Biblia, na naona imefanyiwa kosa na watu wanaoipenda pia.

Kazi yangu natembeza wageni Gedi, ule mji wa kale wa Waswahili uliobaki magofu. Kila siku niko kwenye yale magofu, msikiti mkuu, jumba la mfalme, kaburi lililoandikwa mwaka wa 802 wa Hijra, yaani 1399. Watu waliishi pale mamia ya miaka, visima vipo, vyoo vipo, vigae vya sahani za China vimetoka ardhini tangu James Kirkman aanze kuchimba 1948. Na sasa sikiliza, Wareno walikuwa hapa Malindi karibu karne nzima ya 16, mwendo wa kilomita kama 16 tu, wakaandika barua na vitabu chungu nzima, lakini Gedi kwa jina hilo hawakuitaja. Mji mzima wa mawe! Kwa hivyo mimi nshazoea hili swali kutoka upande wa pili, mawe yapo na maandishi hayapo. Na kwa Biblia mara nyingi tuna maandishi na tunauliza mawe yako wapi.

Jioni moja niliibeba hiyo Biblia barazani kwa jirani yangu, mzee Mwislamu aliyenifunza mengi tangu nikiwa mdogo, nikamsomea ule ukurasa nikitaka kujua anasemaje. Akanyamaza akanywa kahawa, alafu akaniuliza, “Mwanangu, kitabu chako kikisema ni kweli kwa sababu chenyewe kimesema, na mimi changu kinasema vilevile, sasa mimi na wewe tutaulizana nini tena?” Nikamwambia mzee wangu hapo umenishika. Hakuwa ananibishia, wala hakutaka nibadili dini, alikuwa ananionyesha ule mlango umefungwa kwa ndani. Sababu ambayo kila mtu anaweza kuisema juu ya kitabu chake haiwezi kuwa sababu ya kuchagua kimoja. Mpaka leo sijapata jibu la hilo swali kwenye hiyo Biblia yangu ya 3,400.

Na cha ajabu jibu liko kwenye maandiko yenyewe, hapo juu ya maelezo yao! Torati, Kumbukumbu 19, inasema shahidi mmoja hatoshi, neno lisimame kwa wawili au watatu. Luka anaanza Injili yake akisema amejitafutia habari zote kwa usahihi tangu mwanzo kutoka kwa walioshuhudia kwa macho. Paulo akiandikia Wakorintho habari ya kufufuka anasema Yesu aliwatokea ndugu zaidi ya mia tano na wengi wao wako hai bado, mtu haandiki hivyo kama hataki waulizwe. Watu wa Beroya wanasifiwa kwa kuchunguza kila siku kama mambo ndivyo yalivyo. Na Tomaso alionyeshwa makovu, akaambiwa wana heri wasioona wakaamini, sawa, lakini alionyeshwa kwanza. Hawa wote wangeambiwa imani yao ni haba?

Waebrania 11 pia wameitaja kwenye ule ukurasa, imani ni bayana ya mambo yasiyoonekana. Nakubali kabisa. Lakini ukuta wa Yeriko ulionekana. Liwali wa Kirumi alionekana. Ukisema Mungu ananipenda hakuna jiwe la kuchimba, ila ukisema mfalme fulani alizingira mji fulani, hiyo ni habari ya hapa duniani kwetu na habari ya duniani inadaiwa shahidi kama habari nyingine yoyote.

Na mashahidi wapo bwana, ndo kinachoniuma, hawajawekwa. Mwaka 1993 huko Tel Dan kaskazini mwa Israeli palipatikana jiwe la karne ya 9 kabla ya Kristo, mfalme wa Kiaramu anajisifu amewaua maadui zake na mmoja anamtaja kuwa wa nyumba ya Daudi. Kabla ya hapo kulikuwa na wasomi waliosema Daudi ni hadithi tu. Huyo ni adui anaongea, hana sababu ya kumpamba Daudi. Alafu 1961 Waitaliano, watu tunaoishi nao hapa Malindi kila siku, walikuwa wakichimba Kaisaria, mji wa kale wa pwani ya Israeli, wakapata jiwe lina jina la Pontio Pilato. Jiwe la Farao Merneptah, lililopatikana 1896, linataja Israeli na ni la miaka kama 1,200 kabla ya Kristo. Magombo ya Bahari ya Chumvi, zile nakala za kale za maandiko zilizofichwa mapangoni, yakaanza kuonekana 1947, gombo la Isaya lina urefu wa mita kama 7 na ni la zamani kuliko nakala za Kiebrania zilizokuwa zinajulikana kwa karibu miaka 1,000, na kitabu ni kilekile, tofauti zipo nyingi ndogondogo lakini Isaya ni Isaya.

Ninayoipenda zaidi ni ya Senakeribu, mfalme wa Ashuru. Mwaka 701 kabla ya Kristo aliivamia Yuda, 2 Wafalme 18 inasema Hezekia mfalme wa Yuda alilipa talanta (kipimo cha uzito cha zamani) 30 za dhahabu na 300 za fedha. Senakeribu mwenyewe kwenye maandishi yake ya udongo anasema alitwaa miji 46 yenye ngome, akamfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege kwenye tundu, na akapokea talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha. Dhahabu sawasawa, fedha wanatofautiana! Na hasemi popote kwamba aliuingia mji. Malaika aliyepiga watu 185,000 pia hamtaji. Nimewapa hii watoto wangu wa Jumapili nikawauliza nyinyi mngekuwa hakimu mngesemaje, walibishana mpaka ibada ya wakubwa ikatoka, sijawahi kuona darasa limechangamka vile. Kwenye hiyo Biblia chini ya 2 Wafalme 18 kuna maelezo mistari miwili tu juu ya umuhimu wa maombi.

Sasa fungua Yoshua 6. Hapo chini wameandika wachimbaji wamethibitisha kuta za Yeriko zilianguka. Mimi nikashangaa, kwani si mlisema mwanzoni ushahidi wa nje hauhitajiki? Na habari wenyewe wameikata katikati. John Garstang alichimba Yeriko miaka ya 1930 akasema ndio, kuta hizi ni za wakati wa Yoshua. Lakini Kathleen Kenyon alirudi pale kuanzia 1952 mpaka 1958 kwa njia bora zaidi akaona mji ule uliharibiwa mapema zaidi, kama 1550 kabla ya Kristo, kabla ya wakati wowote ambao Yoshua huwekwa. Wamemchukua Garstang wakamwacha Kenyon nje ya mlango. Huwezi kufukuza mashahidi alafu ukamwita mmoja kwa dirisha kwa sababu amesema unachotaka, hiyo hata kwa baraza la mtaa haikubaliki.

Na magumu mengine yamepitwa kimya. Kutoka 12 inahesabu wanaume 600,000 waliotoka Misri bila watoto, na Sinai haijatoa kambi zao mpaka leo. Mimi mtu wa Gedi najua kukosa kutajwa sio kutokuwepo, lakini pia sitamwambia mtoto kwamba zimepatikana. Luka 2 anasema Yesu alizaliwa wakati orodha ya watu iliandikwa, Kirenio alipokuwa liwali wa Shamu, na Yosefo mwanahistoria anaiweka hesabu ya Kirenio mwaka wa 6 baada ya Kristo wakati Herode, ambaye Mathayo anasema Yesu alizaliwa siku zake, anadhaniwa alikufa mwaka wa 4 kabla, hapo kuna miaka kama kumi haikai. Marko 16 mstari wa 9 mpaka 20 haumo kwenye nakala mbili kubwa za kale za karne ya 4. Mtu akiandika hayo chini ya ukurasa kwa upole na ukweli Biblia itaanguka? Haitaanguka. Kinachoanguka ni imani ya mtoto aliyefichwa.

Hili nalisema kwa uchungu. Kijana mmoja wa kanisa letu, hodari, alienda chuo, mwaka wa pili akakutana na hayo ya Yeriko na Kirenio kwa siku moja. Aliporudi likizo aliniambia, “Ticha, mlijua mkanyamaza?” Sikuwa najua mimi, lakini nilishindwa kumjibu kwa sababu nilikuwa sijatafuta. Haji tena kanisani. Huyo ndo namfikiria nikisoma ule ukurasa.

Msinielewe vibaya, sisemi kila muumini aende kuchimba. Hawe wangu, mama yake baba, alikuwa na Biblia yake ameifunga kwa kipande cha leso, hakuwahi kusikia jina la Tel Dan na aliishi maneno yale kuliko mimi. Yeye alikuwa anamwamini Mungu kama unavyomwamini mtu uliyeishi naye, na hilo halitafutiwi risiti. Hata kufufuka kwa Yesu hakuna jiwe litakalokuja kulimaliza, nimekubali hivyo na bado naamini, naamini kwa ushahidi wa wale walioteseka wakisema waliona, na kwa yale nimeyaona kwa maisha ya hawe. Lakini hawe hakumwambia mtu usiulize. Nilikuwa namuuliza maswali tukipepeta mahindi na alikuwa anasema hilo sijui mjukuu wangu, tumuulize padri.

Kwa hivyo alama zangu, ramani na marejeo tano kwa tano, kufungwa kwa kitabu mbili, maelezo ya chini tatu manake ya Zaburi na ya Paulo ni mazuri, na ule ukurasa wa mwanzo sifuri. Wakichapisha tena wautoe, waweke kurasa nne tu za mashahidi, wanaokubali na wanaokataa.

Ukiinunua, ifungue hapo hapo dukani katikati ya Mwanzo uvute kurasa kidogo kabla hujalipa, na uombe risiti. Mimi yangu nimebandika karatasi juu ya ule ukurasa, nimeandika kwa peni Tel Dan, Kaisaria, Senakeribu, Garstang na Kenyon wote wawili, Kirenio, na nimeacha nafasi chini. Mzee ameniomba aione hiyo ya talanta 800, nitampelekea Ijumaa akitoka msikitini.