Ukumbi mkubwa wa mazoezi chuoni kwetu: jioni msiukanyage

Kwa yeyote anayetaka kujua alipie ukumbi upi kati ya kumbi mbili za mazoezi zilizopo chuoni kwetu hapa Dar es Salaam, ule mkubwa wa karibu na viwanja au ule mdogo wa mabwenini, jibu langu la leo ni kwamba ule mkubwa asiukanyage. Nasema hivyo nikiwa bado na hasira ya jambo lililonipata humo jioni moja mwanzoni mwa muhula, na sioni sababu ya kuificha.

Ilikuwa yapata saa 11, wakati vipindi vimekwisha na kila mtu anakimbilia vyuma. Ukumbi mzima una fremu moja tu ya kuegeshea chuma kwa anayetaka kuchuchumaa nacho mabegani, na jioni hiyo ilikuwa imewekewa taulo na chupa ya maji, mwenyewe hayupo. Nilinyoosha viungo, nikasubiri, nikaruka kamba, nikasubiri tena, na kupitia dirishani nikamwona kaka mwenye taulo lake amekaa kwenye ukuta mfupi wa nje akipiga soga na wenzake. Nikamwendea msimamizi, mtu wa makamo aliyekuwa mezani na simu yake, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba fremu haina mtu na kwamba wengine tunaihitaji, naye bila kuinua macho akanyoosha kidole upande wa mashine za kukimbilia: "Dada, vya kina dada viko kule."

Nimelelewa kuamkia wakubwa, na nimelelewa pia kujua kwamba mkubwa huitikia. Na hivyo vya kina dada ni vipi? Wanawake wanashindana kunyanyua vyuma katika Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapomtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, halikusema wanaume wabebe vyuma na wanawake waachiwe mashine za kukimbilia. Kinachoniuma zaidi ni kwamba tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Anayebeba uzito mkubwa hupumzika dakika 2 hadi 5 kati ya awamu moja na nyingine, kwa hiyo watu 3 wanaweza kupokezana chuma kimoja bila yeyote kucheleweshwa sana, ilimradi yuko msimamizi wa kuinuka kitini na kusema kwamba taulo si mtu.

Hata hivyo, siwezi kuandika kana kwamba vyuma vyenyewe ndivyo vilivyonikosea. Kuanzia saa 12 asubuhi mpaka karibu saa 2, kabla jua halijaanza kuchoma mabati, fremu ile ile huwa wazi, vyuma vimerudishwa mahali pake kwa kufuata uzito, na kijana wa zamu hiyo hukuamkia kabla hujamwamkia. Saa 8 mchana pia watu ni wachache, ila joto lake si la mchezo. Jumatatu jioni usijisumbue kabisa, kwa kuwa kila mwanamume chuoni huwa amekumbuka kifua chake siku hiyo na foleni ya benchi hufika mlangoni. Mitihani ikikaribia, msongamano huyeyuka wenyewe, na katika Ramadhani saa moja kabla ya futari ukumbi hupumua.

Ule mdogo wa mabwenini una adabu kuliko vifaa. Watu hupeana zamu wenyewe, na hakuna anayeuliza mwanamke amefuata nini, lakini hauna fremu: chuma unakiokota sakafuni na kukipandisha mabegani mwenyewe, maana yake miguu inabebeshwa kile tu ambacho mikono imeweza kuinua. Kwa anayeanza unatosha kabisa. Kwa mimi niliyekwisha kuzoea uzito, haunitoshi tena.

Kwa hiyo nalegeza nilichosema mwanzo: mwenye nafasi ya asubuhi alipie ule mkubwa, maana kwa saa hizo sijaona pengine penye utulivu kama pale hapa chuoni. Ila kila nikikikumbuka kidole kile, nashindwa kumwambia dada yeyote apeleke pesa yake pale, hasa mwenye vipindi vya saa 1 asubuhi, ambaye hana budi kwenda jioni na kukutana na bwana yule yule. Malalamiko yangu nimeyapeleka kwa maandishi kwa mshauri wa wanafunzi, nikiomba kifaa kilichoachwa zaidi ya dakika 5 kihesabiwe kuwa wazi na msimamizi wa jioni aelekezwe kazi yake. Mpaka nitakapojibiwa, dada wa vipindi vya asubuhi abaki kwenye ule mdogo.