Uzoefu wangu na kiambatisho cha uakisi cha nyuzi 80 kwa kupima tabaka za molekuli juu ya dhahabu

Nimekuwa nikitumia kiambatisho cha uakisi cha nyuzi 80, yaani kifaa kinachoakisi mwale juu ya sampuli kwa pembe ya nyuzi 80, kwenye spektromita ya infraredi (mashine inayopima jinsi sampuli inavyofyonza mwanga wa infraredi) ya maabara yetu jijini Dar es Salaam, na kwa kuwa wenzangu kadhaa wameniuliza kama kinastahili bei yake, nimeona niandike tathmini yenye maelezo ya kutosha. Kwa maoni yangu kinastahili, mradi sampuli zako ziwe juu ya metali na maabara iwe tayari kugharamia hewa kavu.

Sampuli zangu ni vipande vya kioo vilivyopakwa dhahabu yenye unene wa nanomita 100 hivi, juu ya utando mwembamba wa kromi unaozuia dhahabu isibanduke. Kipande huzamishwa usiku kucha katika ethanoli yenye oktadekanithioli (thioli, yaani molekuli yenye salfa mwishoni, ambayo mnyororo wake una kaboni 18), milimola 1 kwa lita, kisha husuuzwa na kukaushwa kwa mkondo wa naitrojeni. Salfa hushikamana na dhahabu, minyororo ya kaboni hujipanga yenyewe, na linalobaki ni tabaka la nanomita 2 na ushei tu. Tangu watafiti Nuzzo na Allara walipochapisha kazi yao ya disalfaidi (molekuli zenye salfa mbili zilizoungana) juu ya dhahabu mwaka 1983, spektroskopia ya infraredi imekuwa miongoni mwa njia kuu za kuchunguza tabaka za aina hii, kwa sababu haionyeshi tu kwamba molekuli zipo, bali pia jinsi zilivyosimama.

Ugumu wake ni kwamba tabaka jembamba kiasi hicho hufyonza mwanga kidogo mno. Mwale ukiipiga metali kutoka juu moja kwa moja, uwanja wa umeme wa mwale unaoingia na ule wa mwale unaorudi karibu hufutana kabisa hapo usoni, na molekuli hukosa cha kufyonza. Mtafiti Greenler alionyesha mwaka 1966 kwamba mwale ukija kwa mshazari mkali, karibu ulale juu ya uso, sehemu ya mwanga inayotetemeka wima kwa uso huo huimarika badala ya kufutika. Kiambatisho hiki ni vioo vichache vinavyoufikisha mwale kwenye pembe hiyo na kuurudisha kwenye kigunduzi kinachopima mwanga, na kazi hiyo kinaifanya vizuri. Sampuli hulazwa kifudifudi juu ya tundu, bila skrubu za kurekebisha kila mara, hivyo vipande viwili vinavyofuatana huketi mahali pamoja. Jambo moja ambalo mwongozo wake hausisitizi ni kwamba kwa nyuzi 80 alama ya mwale hurefuka karibu mara 6, na kipande kifupi huacha sehemu ya mwanga ipotee. Ni vema kukata vipande virefu tangu mwanzo.

Kilichonifanya nikithamini zaidi ni mahali pa vilele, yaani sehemu za spektra (mchoro wa ufyonzaji) ambako mwanga hufyonzwa zaidi. Katika oktadekanithioli iliyojipanga vizuri, vikundi vya methilini (CH2, pingili za mnyororo) hutoa kilele kikubwa karibu na 2918 kwa sentimita (idadi ya mawimbi ya mwanga katika sentimita moja) na kingine karibu na 2850. Minyororo ikiwa imevurugika kama ilivyo katika kimiminika, vilele hivyo husogea hadi karibu 2925 na 2855. Tofauti ni ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha tabaka lililosongamana kama fuwele na tabaka lenye minyororo iliyopinda ovyo. Mtafiti Porter na wenzake waliitumia tofauti hiyo mwaka 1987 kuonyesha kwamba minyororo mirefu hujipanga kwa utaratibu huku mifupi ikizidi kulegea, na mimi naiona kila ninapobadilisha urefu wa thioli. Urefu wa kilele, kinyume chake, nauamini kwa tahadhari: ufyonzaji wa kilele kikubwa kabisa ni takriban 0.002, na mstari wa msingi (usawa wa spektra pasipo na kilele) ukiyumba kidogo tu, namba hiyo huharibika. Anayetaka kujua kama tabaka lake ni zuri na aangalie kwanza kilele kimesimama wapi.

Kuna faida nyingine. Kwa kuwa metali hupokea mitetemo iliyo wima kwa uso pekee, ukubwa wa vilele husimulia pia mwinamo wa minyororo. Mitetemo ya methilini iko mkingamo kwa mnyororo. Mnyororo ungesimama wima kabisa, vilele vyake vingetoweka. Juu ya dhahabu vinaonekana waziwazi kwa sababu minyororo huinama nyuzi 30 hivi, na juu ya metali ya fedha, ambako mwinamo ni mdogo zaidi, vinafifia ilhali vya methili (CH3) ya ncha ya mnyororo vinabaki.

Sasa niseme kuhusu hewa, maana ndiyo iliyokula fedha nyingi. Eneo la 2800 hadi 3000 limenusurika, kwani mvuke wa maji hausumbui sana hapo, na ikiwa thioli zako ni minyororo mitupu ya kaboni huenda usione taabu yoyote. Tulipoanza kupima thioli zenye kaboksili (kikundi cha asidi, COOH) mwishoni, ambazo kilele chake kiko kati ya 1700 na 1740, spektra ilijaa miiba ya mvuke iliyokuwa mikubwa kuliko kilele chenyewe. Kwa unyevu wa pwani, kikaushio kidogo kilichokuja na spektromita hakikufua dafu. Ilibidi tununue mashine ya hewa kavu isiyo na kaboni dioksidi, na kila baada ya kufungua kifuniko husubiri hadi miiba itulie.

Kigunduzi cha kawaida hakitoshi kwa ishara ndogo kiasi hiki. Kinahitajika cha zebaki, kadimi na teluri, kinachopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika. Hapa nchini wanaoifahamu vizuri naitrojeni hiyo ni wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe, wanaohifadhia mbegu za madume, na kwa maabara ya kemia upatikanaji wake ni jambo la kuulizia kabla ya kununua chochote. Chupa ya kigunduzi ikianza kupoteza ombwe, barafu hujijenga ndani na mbonyeo mpana hutokea karibu na 3200. Ukiuona, usiutafutie maana katika sampuli.

Polaraiza, kichujio kinachopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu, huuzwa kando, jambo lililonikera, kwa sababu bila hiyo nusu ya mwanga haileti taarifa yoyote na huongeza kelele tu. Pia unahitaji kipande cha kulinganishia. Dhahabu tupu huchafuka hewani ndani ya muda mfupi, na uchafu huo una hidrokaboni zilezile unazozitafuta. Sisi hutumia dhahabu yenye thioli ambayo hidrojeni zake zimebadilishwa kuwa deuteri (hidrojeni nzito). Vilele vyake huhamia kati ya 2000 na 2250, na eneo tunalolitaka hubaki wazi. Thioli hiyo ni ghali, ingawa chupa ndogo hudumu.

Kwa wanaofanya kazi na silani (molekuli zenye silikoni) juu ya silikoni au kioo, sishauri kifaa hiki. Uso usio wa metali hauimarishi uwanja kwa namna ileile, ishara hudhoofika, na baadhi ya vilele vinaweza kugeuka chini juu. Silikoni iliyosuguliwa pande zote mbili hupimika vizuri zaidi kwa kupitisha mwale ndani yake kwa nyuzi 74 hivi, na kishikio cha kazi hiyo fundi wa karakana ya chuo anaweza kukichonga.