Vijukwaa vya mbao vya kupandishia gari: miaka mitatu nikilala chini yake

Jeki ndiyo iliyonifanya nishike msumeno. Siku hiyo nilikuwa nimeinua gari upande wa mbele kwa jeki ya magurudumu, nikaingiza bega chini kufungua boliti za kikinga cha injini. Stendi za chuma za kushikilia gari lililoinuliwa zilikuwa zimeegemea ukutani, hatua mbili kutoka nilipolala, na sikuzichukua kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano. Nilipojitoa kutafuta spana nyingine nikaona pengo nililopitia limepungua. Jeki haikuteleza wala haikutoa sauti. Mafuta yalikuwa yanapenya kwenye sili iliyochakaa, na gari lilikuwa linashuka taratibu kama mzee anayeketi. Nilikaa sakafuni muda mrefu nikiliangalia likimaliza kushuka.

Stendi za chuma bado ninazo na nitazisemea mbele. Ila tangu siku ile nilitaka kitu ambacho nikiwa chini yake sihitaji kukifikiria. Stendi ina kichwa chembamba kinachotaka kukaa mahali pamoja tu chini ya bodi, na unapovuta boliti iliyoganda unasikia gari zima likiyumba juu ya miguu minne ya bati. Mwaka 2020 huko Marekani stendi zaidi ya milioni moja ziliitwa zirudishwe kwa sababu meno ya ndani hayakuwa yakishika vya kutosha, mzigo ukisogea stendi ingeweza kushuka ghafla. Miezi michache baadaye baadhi ya zile zilizotolewa kuwa badala nazo zikakutwa na kasoro ya kuchomelewa. Rundo la mbao halina meno, halina pini, halina sehemu iliyochomelewa. Hilo ndilo lililonivuta.

Jaribio langu la kwanza halikufaa kabisa, na nalieleza kwa sababu nimeona wengi wakilifanya. Nilikata gogo vipande vinne, nikavisimamisha wima kama vigoda, nikataka kuvitumia chini ya bodi. Mbao iliyosimama wima kwa kweli hubeba uzito mwingi kuliko iliyolala, lakini inapasuka kufuata nyuzi zake, na ikipasuka haikupi nafasi ya kutoka. Tena kigoda kirefu chenye kitako chembamba kinapinduka kwa kusukumwa kidogo tu. Kimoja kilipata ufa kutoka juu hadi chini baada ya wiki mbili za kukaa ghalani bila hata kubeba kitu, kwa kukauka tu. Vyote vikawa kuni.

Mbao inayobeba kwa usalama ni ile iliyolala, ikapandwa na mwenzake kwa kukatizana, tabaka juu ya tabaka. Waokoaji wanaoingia kwenye majengo yaliyoporomoka hushikilia mapande ya zege kwa mpango huohuo. Wao hupenda mbao laini kama msonobari, kwa sababu ikizidiwa huanza kubonyea polepole na kulia kabla haijaachia. Mbao inakuonya. Tofali la saruji lenye matundu halikuonyi, linasagika mara moja, ndiyo maana nasisitiza lisiwekwe chini ya gari hata kwa dakika moja.

Nikatengeneza vijukwaa vinne vya kukaa chini ya matairi yenyewe. Nilitumia mbao za msonobari za inchi mbili kwa nne, zilizokauka na kupigwa randa, ambazo ukizipima kwa kweli ni milimita 38 kwa 89. Kila kipande nilikata sentimita 40. Tabaka nne za chini zina vipande vitatu vitatu, vimelazwa bapa na kukatizana. Tabaka ya tano juu ina vipande vinne vilivyobanana, ndiyo sakafu ya tairi, na juu yake mbele na nyuma nimefunga kipande kimojakimoja cha kuzuia tairi lisibingirike. Kimo hadi kwenye sakafu ya tairi kinakuwa sentimita 19. Vijukwaa vyote vinne vinakula karibu mita 29 za mbao, na kimoja kina uzito wa kilo 12 hivi.

Kabla ya kulala chini yake nilipiga hesabu. Mbao laini za aina hii, zikibanwa kwa ubavu, hukadiriwa kubeba karibu niutoni 2.9 kwa kila milimita moja ya mraba kwa kiwango cha usalama cha wajenzi. Mahali mbao mbili zinapokatizana pana milimita 89 kwa 89, kwa hiyo makutano mamoja yanabeba zaidi ya tani 2. Kijukwaa kina makutano tisa kwa kila tabaka. Hata nikiyahesabu manne tu yaliyo chini ya tairi hasa, yanapita tani 9, wakati gari langu zima lina uzito wa kama tani moja na robo, na tairi lake moja la mbele linaweka kilo 400 na kitu. Baada ya hesabu hiyo sikuogopa tena mbao. Hofu yangu ikahamia kwenye mambo mengine, kuteleza na kupinduka, na huko ndiko nilikoweka bidii.

Kupinduka kulikuwa rahisi kuzuia. Waokoaji hawapandishi rundo kupita mara tatu ya upana wa kitako chake; mimi kimo changu hakifiki hata nusu ya upana. Ncha za mbao nimeziacha zitokeze nje ya makutano kadiri vipimo vilivyoniruhusu, kwa sababu mbao hupasukia nchani. Nililijua hilo kwa macho. Kijukwaa cha kwanza nilikipiga skrubu karibu mno na mwisho wa kipande, bila kutoboa kwanza kwa drili, na nilipomaliza kukaza nikaona mstari mwembamba kama unywele ukitoka kwenye skrubu hadi ukingoni. Nilikifungua chote. Skrubu hapa hazibebi uzito wowote, kazi yake ni kuzishika mbao zisitawanyike unapozihamisha, kwa hivyo hakuna sababu ya kuzijaza.

Nikavipaka rangi, vikapendeza. Nikaja kuikwangua yote. Rangi inaficha nyufa, ikilowa inateleza, na waokoaji hawapaki rangi mbao zao kwa sababu hizohizo. Sasa ni vitupu, nami huvipitishia mkono na tochi kila ninapovitoa.

Kuteleza kulinichukua muda kuelewa. Gari likiinuliwa, matairi hayabaki yalipokuwa. Sasipensheni, yaani springi na mikono inayoshika matairi, inalegea, tairi linaning'inia na kuvutika ndani kidogo. Ukiliweka juu ya kijukwaa na kushusha jeki, uzito unaporudi tairi linajisukuma nje. Mara ya kwanza nilikuwa nimelipanga tairi katikati kwa uangalifu mkubwa, nikashusha, nikalisikia likikwaruza mbao, na liliposimama lilikuwa limebakiza vidole viwili tu kufika ukingoni. Niliinua tena. Tangu hapo nakisogeza kijukwaa nje kidogo kabla ya kushusha, ili tairi likimaliza safari yake likute katikati. Ukitazama sakafu za vijukwaa vyangu sasa utaona alama nyeusi za mpira, zimekwaruza kuelekea nje, kwenye vyote vinne.

Jeki nayo ina tabia yake. Mkono wake hauinuki wima, unapanda kwa kuzunguka, kwa hiyo ama jeki ibingirike kulifuata gari ama kichwa chake kikwaruze chini ya bodi. Kijiwe kimoja chini ya gurudumu la jeki kinatosha kuizuia. Siku hizi nafagia sakafu kabla ya kugusa chochote, na sakafu yenyewe ni ya zege tambarare. Sithubutu kwenye mchanga wala lami laini.

Utaratibu wangu ni wa kuinua mbele kwanza, gari likiwa kwenye gia, breki ya mkono imevutwa na kabari zimekaa pande zote za matairi ya nyuma. Nikishaweka vijukwaa viwili vya mbele ndipo nahamia nyuma. Hapo pana jambo linalosahaulika: kwa magari mengi breki ya mkono inashika matairi ya nyuma tu. Ukiyanyanyua yale ya nyuma, breki hiyo haikufai tena. Gari langu linavutwa na matairi ya mbele, hivyo gia inayashika, na vile vizuizi viwili vya juu ya kijukwaa vinasaidia. Kwa gari linalosukumwa na matairi ya nyuma ningeweka kabari za ziada juu ya vijukwaa vya mbele kabla ya kugusa jeki. Likishakaa juu ya vyote vinne, nalisukuma kwa nguvu zangu zote kutoka ubavuni, mara tatu, kabla sijalala. Linanesa kwenye springi zake kama linavyonesa likiwa chini, na vijukwaa havisogei hata kidogo.

Faida ambayo sikuitarajia ilikuja nilipobadilisha bushi, vile viungo vya mpira, za mikono ya sasipensheni ya mbele. Bushi ya mpira haitakiwi kukazwa boliti yake gari likiwa linaning'inia. Ukiikaza hivyo, mpira unashikwa katika hali ya kuning'inia, na gari likishuka chini bushi inabaki imejikunja maisha yake yote, ikachanika mapema. Inatakiwa ikazwe uzito ukiwa juu ya matairi. Juu ya stendi hilo ni mateso, maana stendi inashika bodi na matairi yanabaki hewani. Nilifanya kazi yote ya kufungua na kufunga juu ya stendi, nikarudisha matairi, nikaliweka gari kwenye vijukwaa, kisha nikalala chini na kukaza boliti moja baada ya nyingine gari likiwa limesimama kwa miguu yake lenyewe. Bushi za awali, ambazo zilikazwa gereji gari likiwa juu, hazikumaliza mwaka. Hizi bado ziko kimya.

Mafuta ya giaboksi pia. Kiwango chake kwenye gari langu kinapimwa kwa tundu la ubavuni, na gari lazima liwe sawasawa. Likiwa limeinuliwa mbele peke yake unajidanganya. Juu ya vijukwaa vinne vyenye kimo kimoja naweka pimamaji kwenye kizingiti cha mlango, kiputo kinasimama katikati, nami namimina mpaka tundu lianze kuvuja.

Sasa yale yasiyoridhisha. Kwanza, huwezi kutoa tairi lililokalia kijukwaa, kwa hiyo breki, beringi na shokamzoba bado ni kazi za stendi. Kwa kazi hizo stendi ndizo zinazobeba, na kijukwaa nakisukumia chini ya bodi pembeni yake kikiwa akiba, na lile tairi nililotoa nalilaza juu yake, ili stendi ikiachia gari lishuke kidogo tu. Pili, ni vizito na vinakula nafasi. Navisimamisha ukutani, juu ya vibao, ili visinywe unyevu wa sakafu. Tatu, sentimita 19 zinatosha kulala chali na kufanya kazi, lakini hazitoshi kugeuka ubavu. Nilifikiria kuongeza tabaka mbili nikaacha, kwa sababu jeki yangu ingebidi ifike mwisho wake wa kupanda, na huko juu inayumba.

Nilijaribu pia rampu za mbao, mbao pana zilizopangwa ngazi ngazi ili gari lipande lenyewe. Zilinishinda sakafuni: tairi lilipogusa tu, rampu ilisukumwa mbele badala ya gari kupanda. Kipande cha mkeka wa mpira chini yake kiliituliza, lakini kupanda ukiwa ndani ya gari huoni mwisho ulipo, unahitaji mtu wa kukuongoza, na mimi mara nyingi niko peke yangu. Kwa kubadili mafuta ya injini tu zinafaa. Nimezigawa kwa jirani anayefanya hiyo kazi tu na ana mtoto wa kumwelekeza.

Ukitaka kuvitengeneza, chagua mbao kipande kwa kipande. Kataa yenye fundo kubwa, iliyopinda, au yenye ufa nchani, na usitumie mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi wala mbao za zamani zenye misumari ndani. Kata vipande vyote kwa kipimo kimoja cha mfano, si kwa kupima upya kila mara, kwani tofauti ya milimita mbili tu inafanya kijukwaa kicheze.

Wiki iliyopita nilivikagua nikapata kipande kimoja cha tabaka ya juu kimelowa mafuta hadi kimekuwa cheusi na laini kwenye ukingo. Nimekitoa. Kipya kimekatwa, kiko juu ya meza kinasubiri kutobolewa, na mpaka kikae mahali pake gari liko chini.