Tahadhari: Tumetapeliwa fleti ya Florence, Italia

Ndugu zangu mnaopanga kwenda Italia, hasa Florence (wenyewe huita Firenze), someni hapa kabla hamjatuma hata senti moja. Kuna mtu anapangisha fleti ambayo haipo. Ametula euro 810, na wiki iliyopita nimelikuta tangazo lake tena, picha zilezile, jina jipya.

Sisi tunaishi Munich. Mama alikuja kututembelea kutoka Tanga, mara yake ya kwanza Ulaya, nasi tukaona likizo ya shule ya Novemba 2025 tumtembeze kidogo. Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, mama, na watoto wa miaka 9 na 13. Panda treni hadi Bologna, badilisha, na kutoka hapo treni ya kasi hukufikisha Florence kwa muda usiozidi dakika arobaini. Safari nyepesi kwa mtu mzima.

Tangazo tulilikuta kwenye programu kubwa ya kupangisha nyumba. Vyumba viwili, mtaa wa Via Ghibellina, karibu na kanisa la Santa Croce, dirisha linatazama kuba la kanisa kuu la mji. Bei ilikuwa euro 180 kwa usiku. Hapo pazingatiwe: bei haikuwa ya kutupa. Ingekuwa euro 60 ningeshtuka na kukimbia. Mwenyeji, aliyejitambulisha kwa jina la kike la Kiitaliano, alijibu upesi na kwa adabu. Hata aliuliza kama mama anaweza kupanda ngazi. Nami nikamwamini kwa swali hilo.

Kisha akasema programu inamkata ada kubwa, kwa hiyo tuhamie WhatsApp, tulipe kwa benki, atatushushia hadi 155. Usiku nne, euro 620. Akaongeza kwamba tiketi za jumba la sanaa la Uffizi ni shida kupatikana, yeye ana njia ya kuzipata, euro 38 kwa kila mtu. Watano, 190. Tukakubali yote.

Sasa niwaambie kuhusu benki, maana ndipo ninapoumia zaidi. Tangu tarehe 9 Oktoba 2025, benki za nchi zinazotumia euro zinatakiwa kulinganisha jina la mpokeaji na namba ya akaunti kabla pesa haijatoka. Nilipoandika jina la yule mwenyeji, simu ikanionyesha onyo: jina halilingani. Nikamuuliza. Akasema akaunti ni ya mhasibu wake. Nikabonyeza kuendelea. Namba yenyewe ilianza na LT, yaani Lithuania, wakati akaunti za benki za Italia huanza na IT. LT peke yake si ushahidi wa wizi, watu wengi wana akaunti za benki za mtandaoni zilizosajiliwa huko. Lakini jina lisilolingana, akaunti ya nchi nyingine, na mtu anayekutoa kwenye programu, vyote kwa pamoja! Tafadhali, ukiona onyo lile, simama. Usikubali maelezo ya mtu yuleyule unayemlipa.

Tulifika saa mbili usiku, mvua inanyesha. Tukaenda kwenye namba ya nyumba, tukabonyeza kengele zote, hakuna anayemjua. Ndipo mume wangu akaangalia anwani vizuri: mwisho wa namba palikuwa na herufi r ndogo. Florence ina namba za aina mbili katika mtaa mmoja. Nyumba za kuishi zina namba za buluu au nyeusi. Maduka na biashara zina namba nyekundu, na hizo ndizo huandikwa na r, kwa neno lao rosso. Kila aina inahesabiwa peke yake, kwa hiyo namba 30 na 30r zinaweza kuwa mbali kabisa. Tukaitafuta ile nyekundu. Duka la mikoba ya ngozi, limeshafungwa. Mama mmoja jirani alisimama akatuonea huruma, akasema sisi ni kundi la tatu tangu kiangazi.

Tukampigia mwenyeji, simu haikupokelewa, baadaye akatufungia kabisa kwenye WhatsApp. Mama alikaa juu ya begi lake kando ya barabara, kanga kichwani, akaniambia, "Mwanangu, usilie, tuna afya." Usiku ule tulilala hotelini karibu na stesheni ya Santa Maria Novella, euro 230 kwa vyumba viwili.

Asubuhi tukapita mbele ya kanisa kuu, Santa Maria del Fiore. Mwanangu mdogo akatazama juu akasema, "Mama, kuba hili ni jekundu. La kwenye picha lilikuwa la kijivu." Mtoto wa miaka tisa! Nikazitafuta zile picha kwa kuzipakia kwenye mtandao, na kweli, ni za fleti ya Roma. Tangu tarehe 1 Januari 2025 nyumba za kupangisha wageni Italia lazima ziwe na namba ya utambulisho ya taifa, CIN, na ionekane kwenye tangazo na mlangoni. Namba hizo huanza na IT, kisha tarakimu za mji: Florence ni 048017, Roma ni 058091. Tangazo letu liliandikwa IT058091. Lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote, sikujua kulisoma.

Tiketi za Uffizi nazo ni karatasi tupu. Zilikuwa za Jumatatu, na Jumatatu Uffizi hufungwa. Tena walio chini ya miaka 18 huingia bure kwenye majumba ya makumbusho ya serikali, wawe wa nchi yoyote. Nunueni kwenye tovuti ya jumba lenyewe tu. Na kanisa kuu kuingia ni bure. Kinacholipiwa ni kupanda kubani, ngazi 463, na lazima uweke saa mapema.

Carabinieri, yaani askari polisi wa Italia, walitupokea vizuri, wakaandika taarifa na kutupa nakala. Iombeni hiyo nakala, benki huitaka. Kwetu haikuokoa pesa: tulituma kwa njia ya papo kwa papo, na benki ilipojaribu kuzirudisha akaunti ilishakaushwa. Programu nayo ikasema malipo yalifanyika nje yake, haihusiki. Ukilipa ndani ya programu kwa kadi, una pa kudai.

Limebaki moja linalonikosesha usingizi. Alituomba picha za pasi zetu za kusafiria, akisema sheria ya Italia inamtaka aandikishe wageni polisi. Ni kweli, mwenyeji hupeleka taarifa za wageni polisi ndani ya saa 24 baada ya kufika. Baada ya kufika, si wiki tatu kabla. Pasi ya mama yangu sasa iko mikononi mwa wezi. Kama na wewe umeshamtumia mtu wa namna hii, usingoje uone kama fleti ipo. Toa taarifa polisi leo, taja namba ya pasi, ujulishe na ubalozi wako. Na kama umetumiwa picha za fleti yenye madirisha ya kijani na kuba la kijivu nje, eti ni Florence, niandikie. Nina nakala ya mazungumzo yote, nitakupa uipeleke pamoja na yako.