Bati la kupaulia Kigoma: anza na geji, rangi baadaye

Mtu akishapiga lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha na milango, hapa Kigoma, swali lake la kwanza dukani ni "bati moja shilingi ngapi?" Mimi pia niliuliza hivyohivyo, nikanunua bati jekundu linalong'aa la geji 32 kwa chumba changu cha kwanza kule Katubuka, eti kwa sababu jirani alikuwa na la kijani. Mwaka uliofuata fundi alipanda kukaza kofia, bati la kufunika kilele cha paa, akaniachia nyayo juu ya paa. Kila alipokanyaga pamebonyea hadi leo, na mvua ikinyesha maji yanatuama humo.

Geji, yaani kipimo cha unene wa bati, huwachanganya wengi kwa sababu namba yake inakwenda kinyume: ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni kama milimita 0.4 hivi, geji 30 ni kama 0.3, na 32 iko chini ya hapo. Viwanda havilingani sana, kwa hiyo uliza unene kwa milimita, tena unene wa chuma chenyewe kabla ya rangi. Muuzaji anayekwepa swali hilo, muage kwa adabu. Fundi mwenye mikromita, kifaa cha kupima unene, akikusindikiza, mlipe nauli yake bila kunung'unika.

Sasa hesabu. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 12, paa likitokeza sentimita 60 kila upande. Eneo la kufunika ni kama mita za mraba 148, lakini paa halilali chini. Mteremko wa nyuzi 15 unalifikisha 153, na wa nyuzi 30 unalifikisha 171. Bati la mita 3 linalofunika upana wa sentimita 75, ukitoa sentimita 15 za kulaliana, linakupa mita za mraba 2.1 tu. Ndiyo kusema bati 72 au 73 kwa paa la nyuzi 15, 80 na ushee kwa lile la nyuzi 30, kabla ya vipande vinavyotupwa. Na hizi ramani za siku hizi zenye makona kila upande, kila kona inakula bati. Huenda ukaokoa zaidi kwa kufuta kona mbili kuliko kwa kushusha geji.

Tofauti ya shilingi 5,000 kwa bati moja ni 400,000 kwa bati 80. Ni pesa, sikatai. Lakini mbao za kenchi (fremu inayobeba paa), papi (mbao zinazopigiliwa bati), misumari, fishabodi (ubao wa ukingo wa paa) na ufundi unalipa vilevile, uwe umenunua bati zuri au baya. Ukirudia paa, mengi ya hayo unayalipa mara ya pili.

Kwa nyumba ya kuishi, namba moja yangu ni geji 28 lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, liwe la rangi au jeupe, yaani lisilopakwa rangi. Namba mbili ni geji 30 la aina hiyohiyo, na wenye mfuko wa kawaida wengi wataishia hapa bila kujuta, mradi papi zisiachane sana. Hela ikibana, bora jeupe la geji 28 kuliko la rangi la geji 32. Najua harusini watu watasema. Jeupe hurudisha jua, na mwezi wa tisa utalishukuru.

Vigae vya bati vilivyomwagiwa chenga za mawe nimevipa nafasi ya tatu. Ni vizuri kwa macho na mvua haikupigii ngoma usingizini, ila vinataka papi za karibu karibu na fundi anayevijua, na vikipungua vitano unaweza kusubiri mzigo mwingine kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200. Geji 32 ni ya mwisho: banda la kuku, choo cha nje, jiko la kuni. Na hata jikoni moshi utalimaliza mapema.

Wenzangu wa Ujiji na Kibirizi husema ziwa linakula bati. Tanganyika si bahari, upepo wake haubebi chumvi kama wa pwani. Angalia juu ya nyumba yako: majani ya mwembe yamelala bondeni mwa paa, pale miteremko miwili inapokutana, yamelowa tangu Novemba. Hayo ndiyo yanayokula bati. Yafagie. Mkosaji wa pili ni fundi anayekata bati kwa grainda, maana cheche huunguza ngozi ya bati na kutu huanzia hapo. Mwambie akate kwa mkasi, na la migongo midogo alipige misumari juu ya mgongo, kamwe si kwenye mfereji.

Nunua kati ya Juni na Agosti. Mvua zikikaribia mafundi hawashikiki. Ukiagiza bati refu la kukatwa kwa kipimo, ungana na majirani mjaze lori moja, maana nauli ya lori tupu nayo ni ya kwako. Dai risiti ya EFD yenye geji na unene, tafuta alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kisha hesabu bati mojamoja kabla dereva hajaondoka. Lililokunjika pembeni lirudi naye.