TeXstudio kwa wanaohamahama kati ya Windows, Linux na Mac

Kila nikikaa na mtu anayeanza tasnifu yake kwa LaTeX (unaandika maandishi na amri, kisha yanageuzwa kuwa PDF) swali ni lilelile, nitumie edita gani, yaani programu ya kuandikia? Mi jibu langu ni TeXstudio, hasa kama ofisini una Windows na nyumbani Linux kama mimi, ila ina kero zake na ntazisema.

Ila tuelewane kwanza, TeXstudio yenyewe haikompaili kitu (kukompaili ni kugeuza maandishi yako kuwa PDF), ni pa kuandikia tu. Anayetoa PDF ni TeX Live au MiKTeX (watu wa Mac wanayo MacTeX, ndo TeX Live hiyohiyo), usipoinstoli mojawapo utabonyeza kitufe mpaka kidole kiote sugu. TeX Live nzima ni gigabaiti kadhaa kwahiyo subiri waifai ya chuo, usiguse kwa bando. MiKTeX ni nyepesi, inavuta pakeji (nyongeza za LaTeX) pale inapohitajika, raha sana mpaka siku huna intaneti na umeongeza pakeji mpya. Mi naweka TeX Live kote tena toleo la mwaka uleule, ndo maana kazi ikitoka Windows kwenda Ubuntu kurasa zinabaki vilevile.

Sasa TeXstudio. Ni ya bure, ilizaliwa 2009 kutoka kwa edita nyingine, Texmaker. F5 inakompaili na kukufungulia PDF pembeni. Kinachonifanya nisihame ni hiki, supavaiza anakurudishia kazi kasema ukurasa wa 87 aya ya pili haieleweki, wewe unaenda kwenye PDF unashika Ctrl unabofya hiyo aya na edita inakurusha kwenye mstari wenyewe hata kama sura zako ziko mafaili saba tofauti. Na kamusi ya Kiswahili ya LibreOffice inaingia humo, kwahiyo "utafti" inapigiwa mstari mwekundu kama kawaida. Alafu juu kabisa ya faili ukiandika % !TeX program = xelatex (xelatex ni moja ya programu za kukompaili), mashine yoyote yenye TeXstudio au TeXworks, edita nyingine ndogo, inajua itumie nini, huna haja ya kupanga upya mipangilio kila ukihama.

Kero sasa, sura yake ya kizamani na vitufe vimejaa kama kibanda cha vifaa vya simu. Mgeni kabisa anatishika, huyo mpe TeXworks, ina kitufe kimoja cha kijani basi.

VS Code na nyongeza yake ya LaTeX Workshop ni nzuri kwa waliozoea kuandika kodi, wengine sioni sababu. Yenyewe kwa kawaida inatumia latexmk (programu inayokurudilia kukompaili mpaka PDF ikamilike), na latexmk inataka Perl, lugha ya programu iwepo kwenye mashine, TeX Live ya Windows inakuja nayo ila kama una MiKTeX kwenye Windows Perl utaitafuta mwenyewe.

Overleaf je? Mkiandika watu wawili watatu kwa pamoja hakuna kama hiyo, unafungua kwenye brauza unaandika, hujainstoli chochote. Ila ya bure ina kikomo cha muda wa kukompaili, tasnifu yenye mapicha mazito na michoro ya TikZ (inayochorwa kwa amri za LaTeX) itagota tu, na umeme ukikatika na ruta nayo ikazima umekaa unaangalia skrini.

Vitu viwili vinavyosumbua wanaohama mashine, edita yoyote ile. Windows haijali kama picha ni Ramani.PNG au ramani.png, Linux inajali, kwahiyo ukiambiwa faili halipo na unaliona hapo kwenye folda angalia herufi kubwa kwanza, mi majina yote naandika herufi ndogo bila nafasi. Kingine, PDF ikiwa wazi kwenye Adobe Reader huko Windows faili linashikiliwa na LaTeX haiwezi kuandika juu yake, so soma humohumo ndani ya TeXstudio au weka SumatraPDF, hiyo ni programu ya kusomea PDF isiyoshikilia faili na ukikompaili inajibadilisha yenyewe.